Starliner: saa iliyopishana masaa 11

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Sawa. Nianze na saa, maana hapo ndo mambo yalipoharibikia. Tarehe 20 Desemba 2019 Boeing wanarusha Starliner, chombo chao cha kubebea wanaanga, mara ya kwanza, haina mtu ndani, iko juu ya roketi ya Atlas V, na kabla ya kuruka chombo kinatakiwa kichukue saa kutoka kwenye roketi, basi kikaichukua mapema mno, kikapishana na ukweli kwa masaa 11. Sisi Waswahili tumezoea kupishana na mzungu masaa sita na tunaelewana tu, ila 11, hapana. Kilipoachana na roketi kikajiona kiko hatua nyingine kabisa ya safari, kikaanza kuwasha vithrasta, yaani injini ndogo za kukigeuza na kukisukuma, hovyo, mafuta yakaliwa, na habari ya kufika kituo cha anga ikafia hapo.

Mimi siwalaumu kwa kosa, nawalaumu kwa sababu jaribio la programu walilikatisha palepale chombo kinapoachana na roketi, ya mbele wakayapima vipandevipande.

2021 wamerudi, valvu 13 zimegoma kufunguka. Florida, wanakorushia, ina unyevu, watu wa pwani mnajua unyevu unavyokula bati, sasa huu ulikutana na kemikali ya kuunguzia mafuta ukageuka asidi. Mei 2022 kikafika, kitupu.

Juni 5, 2024 ndo wakapanda wanaanga wa NASA, Butch Wilmore na Suni Williams, safari ya kama siku 8 hivi. Heliamu, gesi ya kusukumia mafuta kwenye vithrasta, inavuja, kesho yake wanakaribia kituo vithrasta vitano vikazima. Wilmore anaendesha kwa mkono, waongozaji wa safari huko Houston wanamwambia toa mikono tuviwashe upya. Yaani uko kwenye mteremko na basi, unaambiwa achia usukani! Vinne vikarudi. Baadaye majaribio ya huku ardhini yakaonyesha joto linavimbisha kipande cha tefloni ndani ya valvu, njia ya mafuta inabanwa.

Agosti NASA wakaamua kirudi kitupu, na usiku wa Septemba 6 kikatua White Sands, jangwani New Mexico, vizuri tu. Wale wawili wakarudi na Dragon, chombo cha kampuni ya SpaceX, Machi 2025, siku 286. Kuna ndugu kaniuliza mlangoni, si wangepanda tu Starliner warudi nayo? Leo ni rahisi kusema, ila Agosti ile hakuna aliyeweza kuapa kwamba vithrasta vitashika, na mimi ningekuwa kwenye meza ile ningesema kishuke kitupu hivyohivyo.

Haya, dada mwenye mkono juu, karibu.