Nani alikuwa na majibu? Maneno machache kuhusu historia ya chemsha bongo

Asanteni jamani, wa huko nyuma sogeeni mbele kidogo, sauti haifiki vizuri. Kabla sijaanza, kitendawili! (Tega!) Kuku wangu katagia miibani. ... Haya, nasikia nanasi, nanasi kila kona, hakuna hata mmoja aliyelazimika kunipa mji. Mngeshindwa mngenipa mji, ningeuchukua, ningetamba huko weee, halafu ndo ningewaambia jibu. Sa angalieni kitu hapo: mtegaji jibu analijua, bibi analijua, na nusu ya watoto waliokaa wanalijua pia maana walilisikia jana, na hakuna anayelalamika. Kitendawili ukikijua tayari basi we ni mmoja wetu, ndo raha yake.

Chemsha bongo ya redio na TV ni mnyama mwingine kabisa, ile inaishi kwa siri, jibu likimfikia mmoja tu mapema basi hakuna mchezo tena hapo. Mi nataka leo nikae hapo hapo, kwa sababu naamini kabisa kwamba ukitaka kuielewa historia ya huu mchezo usianze na nani alikuwa na akili nyingi, anza na nani alikuwa na majibu.

Harakaharaka tu mwanzo wake. Marekani miaka ya 1930 redio imeingia majumbani, watu hawana kazi, hela hamna, na mwaka 1936 kituo cha utangazaji cha CBS wanaanza kurusha Professor Quiz, wananchi wa kawaida wanaulizwa maswali na mshindi anaondoka na hela. Mwaka 1938 ikaja Information Please, hii mi naipenda sana kwa sababu waliugeuza mchezo, msikilizaji ndo anatuma swali kwa posta na mabingwa pale studio ndo wanahangaika kujibu, wakikwama msikilizaji analipwa, na baadaye akawa anaongezewa seti nzima ya Encyclopaedia Britannica. Yaani mtu kakaa kwake kijijini anawatoa jasho wasomi na nchi nzima inasikia. Halafu 1940 kukawa na Take It or Leave It, unaanza na dola 1 inazidishwa mara mbili mara mbili mpaka 64, na dola 64 ndo mwisho wa reli.

Sa shikeni hiyo 64. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba vipindi vya kugawa zawadi namna hii si bahati nasibu iliyokatazwa hewani, mlango ukafunguka, na Juni 1955 CBS wakaleta kwenye TV The $64,000 Question, ile ile 64 imeongezewa sifuri tatu. Mdhamini alikuwa Revlon, wauza lipustiki, na mauzo yao yakapaa. Maswali yalikuwa yanalala kwenye sefu ya benki, afisa wa benki anayaleta mpaka stejini, kulia mlinzi kushoto mlinzi, kila mtazamaji ajionee mwenyewe kwamba hakuna mkono wa mtu uliopita humo.

Mwaka uliofuata kituo kingine, NBC, nao wakaja na Twenty-One. Washiriki wawili, kila mmoja kwenye kibanda chake cha kioo kavaa hedfoni, hawasikiani, unachagua swali la pointi 1 mpaka 11 kadiri ya ugumu, wa kwanza kufika 21 kashinda. Kipindi cha kwanza walicheza kwa haki na kikawa aibu tupu, watu wanakosa swali baada ya swali, na mdhamini, kampuni ya dawa ya kuongeza damu inaitwa Geritol, akaja juu kwelikweli. Prodyuza Dan Enright akaona isiwe tabu. Kuanzia hapo kila kitu kikawa kinapangwa.

Naomba mnisikilize vizuri hapa maana hawakuvujisha pepa tu kama tunavyosikiaga msimu wa mitihani. Herb Stempel, mwanafunzi wa City College pale New York, aliwahi kuwa jeshini, kichwa chake kimejaa mambo, alifuatwa na Enright mpaka nyumbani kwake. Baadaye alieleza mwenyewe: aliambiwa avae suti isiyomkaa, akate nywele vibaya, na jasho asilifute, alidonyoe taratibu na kitambaa ili meki-apu isitoke na watazamaji waone mtu anateseka kufikiri. Aliambiwa hata asite wapi na wapi. Mshindi wa kweli, kwa maana jamaa alikuwa anajua mambo, wanamvisha umaskini ili aonekane anahangaika.

Halafu wakampata Charles Van Doren, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, kijana mtanashati wa familia ya wasomi, Stempel akaambiwa zamu yako imeisha. Na walimtoa kwa swali gani? Filamu ipi ilichukua Oscar ya filamu bora ya 1955. Jibu ni Marty, na Stempel alikuwa ameiangalia mara tatu, aliipenda filamu hiyo, aliomba asikosee hiyo jamani, hata wamkoseshe nyingine. Wakagoma. Akasimama kwenye kibanda mbele ya mamilioni akajibu On the Waterfront, ambayo ilikuwa ya mwaka wa nyuma yake. Mi hiki kipande kinaniuma kila nikikisoma, kuliko hata hela, kwa sababu mtu analazimishwa kutojua kitu anachokijua na kukipenda, hadharani.

Van Doren akashinda mpaka Machi 1957, jumla dola 129,000, akatoka kwenye jalada la gazeti la Time, NBC wakampa mkataba wa dola 50,000 kwa mwaka. Stempel alikuwa anasema wazi kwamba kuna mchezo mchafu lakini watu wakamwona ana wivu. Mpaka Mei 1958, kwenye kipindi kingine kinaitwa Dotto, mshiriki mmoja akiwa nyuma ya steji akakuta daftari la mwenzake lina majibu, na hapo ndo dari likaanguka. Tarehe 2 Novemba 1959 Van Doren alikiri mbele ya kamati ya bunge kwamba alipewa maswali na majibu. Kazi NBC ikaota mbawa, Columbia naye akaondoka. Na kumbukeni wakati ule hakukuwa na sheria inayokataza kupanga matokeo ya chemsha bongo, sheria ilikuja 1960, waliokuja kuhukumiwa kina Van Doren walihukumiwa kwa kudanganya chini ya kiapo.

Baada ya hapo televisheni zikawa zinauogopa huu mchezo, mpaka mtangazaji wa TV Merv Griffin siku moja yuko kwenye ndege na mkewe Julann, analalamika kwamba chemsha bongo haiwezi kurudi tena maana wote wanasema washiriki wanapewa majibu. Mkewe akamwambia basi wape majibu, wao wakutafutie swali. Akamtajia 5,280, yeye akajibu maili moja ina futi ngapi. Hiyo ndo Jeopardy!, ilianza Machi 30, 1964 na ipo mpaka leo. Kwangu mi Julann ndo aliyeuokoa mchezo, na jina lake watu hawalitaji kabisa.

Kwetu huku wengi mnaikumbuka Celtel Africa Challenge iliyoanza 2007, baadaye ikaitwa Zain, John Sibi-Okumu anauliza na wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya, Uganda, Tanzania na kwingine Afrika wanagombania batani. Muundo ule ulitoka College Bowl, kipindi cha redio cha Marekani cha 1953, chuo kwa chuo, ndo hicho hicho Waingereza walichokichukua 1962 wakafanya University Challenge. Ukikaa ukaona kijana wa chuo chako kabonyeza kabla swali halijaisha na kapatia, ukumbi mzima unaruka, na unaruka kwa sababu una uhakika hakupewa na mtu.

Kwa hiyo nyie mnaoandaa chemsha bongo mashuleni na misikitini na makanisani, anayetunga maswali asiwe mwalimu wa timu yoyote, bahasha ifunguliwe watu wakiona, na jibu likibishaniwa kuwe na kitabu mezani. Haya, nani ana swali?