Gurudumu Linaposimama: Shairi, Sauti na Piano

Shikamooni wazee wangu, nanyi vijana wa kwaya hamjambo. Nimeombwa nizungumzie namna shairi linavyotiwa muziki wa mwimbaji mmoja na piano moja. Uwanja ni mpana, kwa hiyo nitakaa na nyimbo mbili tu za Kijerumani, na ya kwanza ndiyo itakayokula muda. Mnivumilie, wimbo huo naupenda kupita kiasi.

Tarehe 19 Oktoba 1814, mjini Vienna, kijana wa miaka 17 aitwaye Franz Schubert alitunga wimbo Gretchen am Spinnrade, yaani Gretchen kwenye gurudumu la kusokotea uzi. Maneno aliyatoa katika tamthilia ya Faust ya mshairi Mjerumani Goethe. Msichana amekaa peke yake anasokota uzi, na mawazo yote yako kwa mwanamume aliyemvuruga. Ubeti wa kwanza, kwa Kiswahili changu, unasema: amani yangu imetoweka, moyo wangu mzito, sitaipata tena, sitaipata kamwe. Goethe anaurudia ubeti huo mara mbili huko mbele, nasi tungeuita kibwagizo bila kusita.

Sasa tazameni mikono ya mpiga piano. Mkono wa kulia una noti ndogo ndogo zinazopanda na kushuka bila kupumzika. Hilo ndilo gurudumu. Wa kushoto unafanya kazi mbili: chini kuna noti ndefu iliyotulia, juu yake mdundo mfupi wa kudokoadokoa, nao ni mguu kwenye kanyagio. Asiyewahi kuliona gurudumu hilo amkumbuke fundi cherehani barazani, mashine ile ya kukanyaga: mguu unakwenda wenyewe, mikono inakwenda yenyewe, na fundi mwenyewe yuko mbali kimawazo.

Kuiga mlio wa mashine si kazi kubwa. Utundu uko kwingine. Someni shairi lenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, hamtakuta popote Goethe ameandika kwamba gurudumu limesimama. Katikati ya shairi msichana anamtaja mpenzi wake kitu kwa kitu: mwendo wake, umbo lake, tabasamu la kinywa, nguvu ya macho, maneno yake yanayotiririka, mkono wake unavyomshika, halafu, ah, busu lake! Hapo, kwenye neno Kuss, Schubert anauondoa mguu kwenye kanyagio. Sauti inabaki imening'inia juu. Piano inagonga, kisha kimya. Baada ya hapo mkono wa kulia unajaribu kuanza, unakatika. Unajaribu tena, unakatika. Ndipo gurudumu linashika mwendo, polepole, na msichana anarudia: amani yangu imetoweka.

Mwimbaji hakutuambia kwamba amesahau kazi yake. Piano ndiyo imemchongea. Kwangu mimi hii ndiyo maana ya kulitia shairi muziki: mtunzi amesoma mistari, akajiuliza mwili wa huyu anayesema unafanya nini wakati anasema, kisha jibu akampa mpiga piano. (Ndiyo maana nasikitika nikisikia piano ikiitwa "ya kusindikiza". Inamsindikiza nani, wakati siri yote anayo yeye?)

Na mwisho? Shairi la Goethe linaishia kileleni, msichana akitamani kufia katika mabusu. Schubert hakumwacha huko. Akamrudisha kwenye maneno ya mwanzo, amani yangu imetoweka, moyo wangu mzito, jambo ambalo mshairi hakuliandika hapo.

Mwaka 1816 rafiki yake Josef von Spaun alimtumia Goethe kitabu cha nyimbo za Schubert zilizotungwa kwa mashairi yake, huu ukiwemo. Kikarudi bila neno lolote. Watu humcheka Goethe kwa hilo, mimi simcheki. Yeye alipenda zaidi nyimbo za aina ya zile za rafiki yake Carl Friedrich Zelter, ambazo mara nyingi huweka mahadhi mamoja kwa beti zote, na shairi likabaki mwenye nyumba. Si ndivyo tunavyoghani utenzi? Mahadhi yale yale tangu ubeti wa kwanza hadi wa mia, na msikilizaji anaacha kuyasikia, anasikia maneno tu. Kwa mtu aliyezoea hivyo, Schubert ni mgeni aliyeingia sebuleni akaanza kuhamisha viti. Hata hivyo naegemea upande wa Schubert, kwa sababu moja: utenzi husimulia, na huyu msichana hasimulii. Anabadilika tukiwa tunamtazama, na mahadhi mamoja yangemwacha palepale alipoanza.

Wimbo wa pili ni mfupi, nami nitakuwa mfupi. Mei 1840, Robert Schumann yuko Leipzig, anapambana mahakamani na baba wa Clara Wieck anayekataa ndoa yao. Anatunga Dichterliebe, yaani Penzi la Mshairi, mfululizo wa nyimbo kwa mashairi ya Heinrich Heine. Wimbo wa kwanza wa mfululizo huo, ndio ninaousema, una beti mbili tu: mwezi wa Mei machipukizi yalipopasuka, penzi likachomoza moyoni, ndege walipoimba, nikamwambia hamu yangu. Basi. Huyo mpenzi alijibu nini? Heine hasemi. Schumann naye anaimalizia piano kwenye mkusanyiko wa noti unaodai mwingine uufuate, na huo mwingine haupigwi. Ni mtu aliyepiga hodi na hakuna aliyeitikia karibu.

Vijana wameniuliza nje pale, je, kwa Kiswahili tuanzie wapi? Anzeni na mkazo. Maneno yetu karibu yote hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo pigo zito liangukie hapo: a-MA-ni, si A-ma-ni. Na yapo yanayosaliti. Ukitaka kuimba kwamba nyumba imejengwa baRAbara, yaani sawasawa, ukaliweka pigo zito kwenye silabi ya tatu, umeijenga nyumba njiani. Semeni shairi kwa sauti mara kumi kabla ya kugusa piano. Mtajua wenyewe pumzi inakatikia wapi.

Haya, tusikilize Gretchen. Mpigaji yuko tayari. Msitazame mdomo wa mwimbaji, tazameni mkono wa kulia wa mpiga piano.