Kitenzi "Imedhibitiwa": Lugha ya Serikali Wakati wa Janga

Waheshimiwa wahadhiri, wanafunzi na wageni wetu, nashukuru kwa kualikwa kuzungumza jioni hii. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisoma taarifa ambazo serikali hutoa nchi inapopatwa na janga, na huzisoma kisarufi, neno baada ya neno, kwa kuwa naamini kosa kubwa aghalabu hujificha ndani ya kitenzi kimoja. Hapa kwetu Kenya kitenzi hicho ni "imedhibitiwa".

Tukitazame kwa karibu. Kiambishi -me- chasema jambo limekwisha kutendeka, na -w- chamficha aliyelitenda. Anayeambiwa kwamba hali imedhibitiwa haelezwi ni nani aliyeidhibiti, ni sehemu gani iliyodhibitiwa, wala ni lini. Washambuliaji walipovamia Westgate, jengo la maduka jijini Nairobi, Jumamosi ya tarehe 21 Septemba 2013, tulihakikishiwa mapema, kwa Kiingereza cha mitandao na kwa Kiswahili cha redio, kwamba jengo limo mikononi mwa vyombo vya usalama, ilhali mkasa ule uliendelea hadi siku ya nne. Tuliambiwa washambuliaji walikuwa kati ya 10 na 15. Baadaye ikabainika walikuwa wanne. Moshi mzito ulipotanda angani, waziri alieleza kwamba yalikuwa magodoro yaliyochomwa. Watu 67 waliuawa, na familia zilizokuwa zikingoja habari za jamaa zao ziliachwa zilinganishe kauli za maofisa na picha za runinga. Laiti ofisa mmoja angesimama aseme: orofa ya chini tumeifikia, za juu bado, na saa kumi tutarudi kuwaeleza. Kauli kama hiyo ingekuwa na mapengo, lakini ingeaminika, na saa kumi watu wangerudi kumsikiliza.

Mwaka 2020 tulipata kitu kilichokaribia hapo. Baada ya kisa cha kwanza cha korona kutangazwa tarehe 13 Machi, Wizara ya Afya ilizoea kututajia idadi ya sampuli zilizopimwa, wagonjwa wapya na kaunti walikotoka, na watu wakajua ni lini watasikia tena. Hata hivyo, kafyu ilipoanza tarehe 27, abiria waliokuwa wakiwahi feri kule Likoni, Mombasa, walipigwa na polisi kabla saa ya kafyu haijafika, na habari za virungu vile zilienea upesi kuliko taarifa yoyote ya wizara.

Nimalizie kwa mafuriko ya mwaka 2024, ambayo bado yananiuma. Waliokaa kandokando ya mito waliagizwa wahame. Kitenzi "hama" kina ndugu yake, "hamia", na wakazi wa Mathare, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, walimjua ndugu huyo mara moja, kwani swali lao lilikuwa: tuhamie wapi, na watoto, na godoro lililolowa? Kati ya vitenzi hivyo kuna tofauti ya herufi moja tu, lakini herufi hiyo ndiyo aliyeandika agizo alipaswa kuitafutia jibu kabla ya kulisoma hadharani: jina la shule ya kulala, mahali litakaposimama lori la kubeba vyombo, na namba ya simu ya chifu.