Mboga za Masika Ziliwe Kiangazi

Ndugu wakazi wenzangu, akina mama na akina baba, nawashukuru kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie bustani za nyumbani, mapishi ya mavuno yake na vitu chakavu vinavyoweza kufaa tena. Nitaanza, hata hivyo, na jambo ambalo nimelisema katika mikutano mingi na nitaendelea kulisema mpaka lishike. Dodoma yetu ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mvua yenyewe kwa wastani ni milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Pamoja na hayo, kaya nyingi huacha majani ya kunde na ya maboga yakomae na kupotea shambani mwezi wa Februari, kisha ikifika Septemba zinatoa fedha kununua mboga zilizosafirishwa kutoka mbali. Fedha hiyo ingeweza kuwa madaftari ya watoto au mafuta ya kupikia. Inaniuma kuona inapotea kila mwaka kwa sababu ya kazi ya asubuhi moja ambayo haikufanywa.

Wazee wa Kigogo walikwisha kulimaliza tatizo hili kabla yetu. Mlenda uliokaushwa na kusagwa, na majani ya kunde makavu, ndivyo vilivyowavusha kiangazi, na wapo wanaoendelea hivyo hadi leo. Kuna mama mmoja wa Chamwino ninayemtaja kila ninaposimama mbele ya watu, kwa kuwa sijaona anayefanya kazi hii kwa uangalifu kumzidi. Huchuma majani machanga ya kunde asubuhi, umande ukishakauka, akatoa vikonyo vigumu na kuyaosha kwa maji safi. Kisha huyatumbukiza katika sufuria ya maji yanayotokota yenye chumvi kidogo, na hayaachi humo zaidi ya dakika 2 au 3. Yakigeuka kijani kilichokolea, huyaopoa, akayachuja na kuyatandaza mara moja. Wengi huiruka hatua hii ya maji ya moto wakidhani ni kupoteza kuni, kumbe ndiyo inayozuia jani lisiendelee kubadilika rangi na kupoteza ladha baada ya kukaushwa.

Kichanja chake kimetengenezwa kwa chaga za kitanda kilichovunjika, zimelazwa juu ya matofali na kutandikwa shuka kuukuu la pamba lililofuliwa vizuri, na juu yake ameweka kipande cha wavu wa dirishani kuzuia inzi. Kichanja kimewekwa kwenye ubaraza, penye upepo na pasipo na jua la moja kwa moja. Nafahamu mtu ataniuliza kwa nini asitumie jua wakati Dodoma jua lipo tele. Jibu ni kwamba jua kali hukausha haraka, lakini huharibu kwa wingi ile karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na vitamini hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuwalisha watoto mboga za majani. Kivulini kazi huchukua siku 2 hadi 4 kutegemea upepo, na mama huyu huyageuza majani kila asubuhi na jioni. Huyahesabu kuwa tayari pale anapoliminya jani kiganjani likavunjika kwa sauti. Likikunjwa bila kuvunjika, bado lina unyevu, na likihifadhiwa hivyo litaota ukungu. Kilo 10 za majani mabichi hupungua hadi takriban kilo 1, na kilo hiyo hukaa kwenye ndoo yenye mfuniko iliyokuwa ya mafuta ya kula, mahali penye giza, kwa miezi yote ya kiangazi.

Hapa naomba nisikilizwe kwa makini, kwa sababu jambo hili linanikera. Baadhi yetu tunakausha mboga na dagaa juu ya vyandarua vya zamani. Vyandarua vinavyogawiwa dhidi ya malaria vimetiwa dawa ya kuua wadudu ya jamii ya pairethroidi, na dawa hiyo imetengenezwa makusudi idumu hata baada ya kufuliwa mara nyingi. Mtu husema chandarua chake ni kikuukuu, kwa hiyo dawa imekwisha. Amepima kwa kipimo gani? Kama kimechakaa kiasi cha kutofaa kitandani, kizibe nacho dirisha, lakini kisikutane na chakula. Kubana matumizi kunakowalisha watoto dawa ya mbu hakuna faida yoyote, na shuka kuukuu halikosekani nyumbani.

Wengine husema mboga kavu ni chakula cha shida na haina ladha. Wanaosema hivyo, mara nyingi, wameila ikiwa imepikwa vibaya. Iloweke katika maji ya uvuguvugu hadi ilainike, uichemshe kwa moto mdogo katika maji hayohayo bila kuyamwaga, kisha kaanga kitunguu na nyanya pembeni, uongeze mboga na hatimaye karanga zilizosagwa zilizokorogwa kwa maji kidogo. Koroga taratibu hadi rojo iwe nzito na mafuta ya karanga yaanze kuonekana juu. Karanga hizo si za utamu tu, kwani mwili hauwezi kuipokea karotini vizuri pasipo mafuta. Ukiila na ugali wa uwele au wa mtama, hutasema tena kwamba ni chakula cha shida. Magadi tafadhali yapunguzwe, maana hulainisha mboga lakini huharibu baadhi ya vitamini.

Kwa wasio na shamba, kiroba kinatosha. Changanya udongo sehemu 3 na samadi iliyooza vizuri sehemu 1. Simamisha katikati ya kiroba kopo lililotolewa kitako, ulijaze kokoto, uzungushie udongo, kisha ulivute kopo juu na kurudia hadi kiroba kijae. Maji yamwagwe kwenye nguzo hiyo ya kokoto ili yafike chini. Pembeni toboa matundu ya kupandikiza sukuma wiki na spinachi, na maji yaliyooshea mboga au mchele yanafaa kumwagilia.

Muda unanibana, kwa hiyo achari ya maembe na mboji ya maganda tutaviacha. Nimalizie na madumu: dumu lililokuwa na dawa ya kilimo lisitumike kwa maji wala chakula, hata likioshwa kwa sabuni na mchanga, na ndoo zilizokuwa na rangi ya kupaka nyumba zibaki kwa maua. Kunde za wengi wenu zimekwisha kutambaa, basi anzeni wiki hii na sufuria moja. Chaga chache na shuka la pamba vinatosha, na atakayekuta majani yake hayavunjiki baada ya siku ya nne aniletee niyaone kabla hajayafungia kwenye ndoo.