Nimeandika Jina Lake Chini

Ndugu zangu wafanyabiashara, nianze na sentensi inayonichosha kuliko zote. Mtu ametumia picha ya mwenzake kwenye biashara yake bila ruhusa, amepata barua ya kudaiwa fidia, amekuja na simu mkononi, hajakaa hata kitini: "Lakini jina la mpiga picha nimeliandika pale chini!" Vizuri. Chukua baiskeli ya jirani bila kumwambia, ibandike karatasi "hii ni ya jirani", kisha uzunguke nayo mtaani. Umemsaidia kuthibitisha kwamba ni yake, basi. Najua mtasema baiskeli ikiondoka mwenyewe anatembea kwa miguu, lakini picha bado anayo. Sawa. Ila mpiga picha anauza ruhusa, na hiyo ruhusa hukuilipia.

Kuna kesi nimeisimulia mpaka wenzangu wameichoka. Waichoke tu. Ujerumani, mwanafunzi anaandaa kazi ya darasani. Anahitaji picha ya mji wa Córdoba, Hispania, anaikuta kwenye tovuti ya mambo ya safari. Mpiga picha alikuwa ameiruhusu tovuti hiyo, hiyo peke yake. Mwanafunzi anaipakua, anaandika kwa adabu zote ilikotoka, na shule inaiweka kazi ile kwenye tovuti yake. Hakuna aliyeuza hata daftari! Mpiga picha akataka iondolewe, na alipwe euro 400. Kesi ikapanda ngazi kwa ngazi hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na Agosti 2018 majaji wakasema: kuipakua picha na kuipakia upya kwenye tovuti nyingine ni kuifikisha kwa hadhira mpya, kwa hiyo ruhusa inatakiwa. Kule ilikotoka ilikuwa wazi kwa kila mtu? Haikusaidia. Chanzo kimetajwa? Hakikusaidia.

Hiyo ni shule, jamani. Wewe uliyeiweka juu ya tangazo la punguzo la bei utajitetea kwa lipi?

"Haikuwa na alama ya hakimiliki." Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ulishaachana na masharti ya namna hiyo tangu marekebisho ya 1908. "Nimetumiwa kwenye grupu." Aliyekutumia hakuwa na cha kukupa. "Nilikata kile kipande cha chini chenye jina." Aa, wewe ndiye ninayekuogopa! Marekani, kuondoa kwa makusudi taarifa za mwenye haki ili kuficha wizi ni kosa linalojitegemea: dola 2,500 hadi 25,000 kwa kila tukio, mbali na fidia ya picha yenyewe.

Sasa msije mkadhani nawatetea wanaotuma barua. Desemba 2015 mpiga picha Carol Highsmith, aliyeipa Maktaba ya Bunge la Marekani maelfu ya picha zake ili umma uzitumie, alitumiwa barua ya kudaiwa dola 120. Kosa lake? Kaitumia picha yake mwenyewe. Kwa hiyo barua ikija usilipe kwa hofu, wala usijibu kwa matusi saa sita usiku. Piga skrinshoti ya ukurasa wako, kisha uiondoe picha siku hiyohiyo. Halafu uliza: mwenye haki ni nani, uthibitisho uko wapi, na hiyo bei imepatikanaje? Kama ni Marekani, uliza pia picha imesajiliwa lini kwenye ofisi ya hakimiliki. Picha ya kwao haifunguliwi kesi kabla ya kusajiliwa, na kile kiwango cha fidia kilichowekwa na sheria, dola 750 hadi 30,000, wanachopenda kukutishia nacho kwa kawaida hakipatikani kama usajili ulifuata baada ya wewe kuitumia. Mpelekee wakili barua hiyo ukiwa na majibu hayo, utapunguza saa zake, na saa zake ndizo unazolipa.

Naonyeshwa saa. Picha za akili mnemba sitazigusa leo. Leseni za Creative Commons, zile ambazo mwenye kazi anawaruhusu wengine waitumie kwa masharti, kwa mkupuo: ukiona herufi NC, si ya biashara, iache. Na wekeni daftari la picha: ilitoka wapi, lini, kwa ruhusa ya nani. Risiti za umeme mnazitunza, hizi zinawashinda nini?

Hebu toeni simu. Nendeni kwenye posti ya kwanza kabisa ya biashara yako. Mama wa pale mbele, naona umeanza kucheka. Hiyo picha alipiga nani?