Kuhesabu viota vya buabua: anza na kilo ya maharagwe sebuleni

Karibuni tena. Leo tuko sebuleni kwangu Lang'ata. Nimetandika shuka sakafuni, nina kilo moja ya maharagwe ya nyayo, pakiti ya makaroni na saa. Najua wengi mlitarajia bahari, na tutafika. Lakini ukijifunzia kuhesabu viota kisiwani, kosa lako analilipa ndege. Makosa tuyamalizie hapa Nairobi.

Kwanza mjue tunayemhesabu: buabua ni ndege wa baharini. Buabua wa pwani yetu hutaga hasa kati ya Juni na Oktoba, kwenye visiwa vidogo vya mawe kama vile vya Kiunga, kaskazini mwa Lamu, na Kisite kule Kwale. Yule ambaye wataalamu humwita Sterna dougallii hutaga yai moja au mawili, chini tu, bila ya kujenga chochote cha maana. Sogea karibu na skrini uitazame picha hii. Yai lina rangi ya mchanga, lina madoa ya kahawia, limelala kwenye kijishimo kisichofika upana wa kiganja. Umeliona? Sasa fikiria buti lako likishuka hapo.

Yai hilo linahitaji kuatamiwa kama siku 23. Mzazi akiruka, jua la saa sita linalipika, na kunguru au shakwe hakawii kufika. Ndiyo maana tunaingia asubuhi mapema au alasiri jua likishapoa, na mimi sipitishi dakika 20 sehemu moja. Mvua ikinyesha, hatuingii kabisa.

Haya, mwaga maharagwe. Tazama sekunde tano, geuka, andika makisio yako. Kisha hesabu moja moja. Kundi likiwa kubwa, wengi wetu hukisia pungufu. Dawa yake ni hii: tenga kumi, lishike kwa jicho fungu hilo lilivyo, halafu lihamishe kwa macho juu ya shuka yote, kumi, ishirini, thelathini. Rudia kila jioni kwa wiki mbili.

Sasa makaroni. Kisiwani watu hutembea kwa safu, mita mbili baina yao, kila mmoja na ukanda wake. Ukiona kiota, unaweka kipande kimoja kikavu kando yake. Hatupaki rangi mawe ya watu, na makaroni huoza yenyewe. Pakiwa na panya au kaa wengi, tumia vijiti.

Baadaye kikosi cha pili kinapita kwa kukata njia ya kwanza. Tuseme wa kwanza waliweka makaroni kwenye viota 80. Wa pili wakaona 90, na kati ya hivyo 72 vina makaroni. Zidisha 80 kwa 90, gawanya kwa 72: unapata 100. Kumbe wa kwanza walipitwa na viota 20. Mimi naipenda sana hesabu hii kwa sababu inamlazimisha mtu kukubali kwamba hakuona vyote. Ina mpaka wake, lakini. Kuna buabua wanaoficha yai chini ya ukingo wa jiwe. Kama vikosi vyote viwili havikuinama, kiota hicho hakimo kwenye 100 yako. Piga goti, washa tochi.

Ukishazoea shuka, nenda barabara ya Mombasa, karibu na Uwanja wa Nyayo, utazame miti ya makorongo, wale wakubwa wenye upara. Hesabu kwa darubini upande huu, vuka, hesabu tena upande wa pili. Kiota kitupu kiandike peke yake. Tunachotafuta ni chenye mwenyewe.

Vibali huombwa NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kwa taasisi za wanyamapori kama KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Vianze miezi kadhaa kabla.

Jambo linaloninyima usingizi ni panya. Panya mmoja mwenye mimba ndani ya gunia la chakula anaweza kumaliza kisiwa kizima cha mayai. Basi chakula chote kiingie kwenye ndoo zenye kifuniko cha kubana, hapa hapa Nairobi, na kila mkoba uumwage wote kabla ya kupanda mashua. Mahema pia, yakunjue.

Na vifaranga wakianza kukimbia mbele ya safu, simameni. Rudini mlikotoka, hata kama nusu ya kisiwa haijahesabiwa.

Tazama klipu hii ya mwisho. Tumeshatoka, tumekaa kwenye mashua, tunaangalia saa. Ndege bado wako juu wanapiga kelele. Dakika ya tatu, mmoja ametua. Ya nne, wengine. Ya saba, kimya. Andika hiyo saba daftarini, kando ya idadi ya viota.