Popote Walipo

[Chai inamiminwa. Kijiko kinagonga kikombe.]

KITINDA: Fundi, tumeshaanza?

FUNDI: Tangu ulipokuwa unatafuta sukari.

KITINDA: Basi wamenisikia nikigombana na kifuniko cha kopo. Haya. Wasikilizaji, hamjambo? Mimi Kitinda, na huyu Fundi. Kwa mgeni wetu wa leo, hayo si majina ya uzazi. Mimi naitwa Kitinda kwa sababu ndimi kitindamimba, na huyu alikuwa fundi mitambo wa redio miaka ishirini na kitu, jina likamganda.

FUNDI: Hata mke wangu ananiita hivyo. Nikiwa nimekosea.

KITINDA: Wiki mbili hatukuwa hewani. Mliotuma ujumbe kuuliza, ahsanteni. Tulikwenda Pangani kwenye arobaini ya dada yangu. Dada yangu mimi wa tumbo moja, mtangazaji wa redio, rafiki wa Fundi...

FUNDI: Na bosi wangu, ingawa karatasini tulikuwa sawa.

KITINDA: Jina hatutalitaja. Mama yetu yuko hai, kasema jina la mwanawe halitaki kwenye mitandao. Tutasema Dada.

FUNDI: Mimi nitasema Da' Mkubwa, nimeshazoea. Ila inachekesha kidogo. Mtu aliyetaja majina ya nchi nzima, leo lake halitajwi.

KITINDA: Mama ni Mama.

FUNDI: Sawa. Kabla hatujaenda mbali, nina neno na kijana wetu anayehariri kipindi. Mwanangu, nakupenda, lakini kipindi kilichopita ulitupitishia ile programu inayofuta ukimya yenyewe. Nimesikiliza ndani ya daladala, nikajisikia kama nafukuzwa na mbwa. Neno juu ya neno, hakuna anayepumua.

KITINDA: Alisema imetuokolea dakika nne.

FUNDI: Dakika nne za kupeleka wapi? Leo usikate kitu. Kama Kitinda anakunywa chai, wasikie anakunywa chai. Da' Mkubwa angenikata mkono.

KITINDA: Hebu waeleze ule wembe. Vijana hawajui.

FUNDI: Zamani sauti ilikuwa kitu cha kushika. Mkanda mwembamba wa rangi ya kahawia, unazunguka kwenye rili. Mikanda yetu ya mahojiano ilikwenda sentimita 19 kwa sekunde. Ukitaka kutoa neno, unazizungusha rili kwa mikono, polepole, sauti inanguruma kama mtu anaongea ndani ya pipa, mpaka unalipata mwanzo wa neno. Unatia alama kwa penseli ya njano. Unaulaza mkanda kwenye kibao chenye mfereji, unakata kwa wembe, mshazari. Kisha mwisho wa neno, hivyo hivyo. Unaunganisha kwa gundi yake nyeupe. Ukikosea, kipande kiko sakafuni, piga magoti utafute.

KITINDA: Na Dada hakuwa fundi.

FUNDI: Hakuwa! Alikuwa mtangazaji, kazi yake ilikuwa kukaa upande wa pili wa kioo. Lakini alikuwa anakuja kunisimamia begani. Siku ya kwanza nimekata mahojiano ya bwana mmoja mkulima wa mkonge, nimeyasafisha, yanang'aa. Kasikiliza, kavua visikilizio, kaniuliza, "Huyu mzee pumzi zake umeziweka wapi?" Nikamwonyesha sakafuni. Pumzi ya nusu sekunde ni karibu sentimita kumi za mkanda, hivi, kama kidole cha kati. Akaniambia, "Okota."

KITINDA: Hilo neno nimelisikia utoto mzima. Okota.

FUNDI: Nikaokota. Nimerudisha pumzi saba usiku ule, moja moja. Basi la wafanyakazi limeniacha. Nilimchukia, sikufichi. Kesho yake yakaenda hewani, na nikasikia. Yule mzee alipoulizwa bei ya mkonge ilipoanguka nyumbani kwake ilikuwaje, alivuta pumzi kwanza. Jibu lilikuwa mle kwenye pumzi. Maneno yaliyofuata hata hayakuwa na kazi sana.

KITINDA: Mimi nitakwambia alikotoa hiyo. Bibi yetu hakujua kusoma. Na dukani Pangani, chumvi, sukari, kila kitu kilifungwa kwenye gazeti kuukuu. Dada akitoka dukani, anamwaga chumvi kwenye kibuyu, anakunjua karatasi, anamsomea Bibi taarifa ya habari. Gazeti la miezi minane iliyopita! Limechanika katikati, habari haina mwisho. Bibi anauliza, "Ikawaje?" Dada ananyamaza kidogo, anavuta pumzi, kisha anautunga mwisho.

FUNDI: Hilo hakuniambia kamwe.

KITINDA: Angekwambiaje, mtu wa taarifa ya habari? Bibi kafa anaamini mambo kadhaa ya serikali ambayo hayakutokea.

[Wanacheka.]

FUNDI: Lakini tusimfanye malaika.

KITINDA: La, la. Mkaidi yule. Na kuchelewa! Taarifa saa saba mchana, yeye saa saba kasoro dakika mbili ndiyo anapanda ngazi na mfuko wa mihogo.

FUNDI: Anakula kabisa. Nimeshika kitufe, mkono unatetemeka, yeye anajifuta pilipili. Sekunde tano zimebaki, anakaa, anafungua mdomo, sauti imetulia kama maji ya mtungini. Mimi ndiye niliyepata presha.

KITINDA: Na kusahihisha watu. Ukisema "masaa mawili" mbele yake, umekwisha. "Saa mbili. Masaa ni ya nani?" BAKITA, lile baraza la Kiswahili la taifa, ilianzishwa 1967, yeye kazaliwa 1958, lakini ungedhani yeye ndiye aliyewaajiri. Alimsahihisha padri kwenye harusi.

FUNDI: Na deni langu. Alikuwa kijumbe wa upatu wa ofisi, kila mwezi anapanga nani apokee. Zamu yangu imefika, nimeshapigia hesabu mabati. Akaja, "Fundi, mwezi huu nampa mama wa usafi, mwanawe anaingia sekondari. Wewe mabati hayaozi." Hakuuliza. Alinijulisha tu.

KITINDA: Ulipata mwezi uliofuata?

FUNDI: Nilipata baada ya miezi miwili, na mvua ilishanyesha. Bado nina kinyongo kidogo, Mungu anisamehe.

KITINDA: Twende kwenye vifo. Nimeogopa kufika hapa, lakini bila vifo hujamweleza Dada.

FUNDI: Eleza wewe, ulikuwa unakaa naye pale mapokezi ukitoka shule.

KITINDA: Matangazo ya vifo. Simu za mkononi hakuna, na simu ya mezani ni ya mkubwa wa mtaa. Mtu akifa Dar es Salaam, ndugu wako Kasulu, Newala, Bukoba, atawapataje? Anakuja redioni na karatasi. Analipia, anaiacha dirishani, jioni inasomwa. Na kule kijijini redio moja inasikilizwa na nyumba kumi, betri zimeanikwa juani mchana ili zipate nguvu ya jioni. Hata kama si ndugu yako, unasikiliza. Ukisikia jina la mtu wa kwenu unakwenda kugonga mlango.

FUNDI: Watangazaji wengi walikuwa wanayakimbia yale matangazo. Karatasi thelathini, unasoma kama orodha ya sokoni, umalize uende nyumbani.

KITINDA: Yeye alikuwa anashuka chini, mapokezi, kabla ya kusoma. Anamtafuta aliyeleta karatasi. "Hili jina mnalitamka vipi kwenu?" Mtu macho mekundu, hajala tangu asubuhi, anamtamkia jina la baba yake. Dada analirudia. "Hivi?" "Hapana, vuta hapo mwisho." Analirudia tena mpaka yule mtu anatikisa kichwa. Mimi mtoto, nina daftari la hesabu mapajani, naona watu wazima wanafundishana majina ya wafu.

FUNDI: Alikuwa anaweka alama kwa penseli yangu ya njano. Kila siku penseli haipo.

KITINDA: Eleza ile ya 1999.

FUNDI: Tarehe 14 Oktoba, siku ya Alhamisi. Mwalimu Nyerere amefia London, Rais Mkapa ametangaza. Hakuna asiyejua alikuwa wapi saa ile. Sisi tuliambiwa tuondoe vipindi vyote, nyimbo za maombolezo tu. Wenzangu wanalia huku wanabeba mikanda. Jioni akaja kijana mmoja dirishani na karatasi. Mama yake amefariki asubuhi ileile, hospitali, na ndugu wako Songea. Mkubwa mmoja wetu, simtaji, akamwambia, "Kijana, leo nchi imefiwa, rudi kesho." Na kwa kweli hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechanganyikiwa kama sisi wote.

KITINDA: Dada alikuwa kwenye ngazi.

FUNDI: Alikuwa kwenye ngazi. Akasema, "Na huyu naye kafiwa leo." Akaichukua ile karatasi. Akamuuliza jina la mama linatamkwaje. Kisha akaja kwangu, hakusema kitu, akakaa kwenye kipaza sauti. Nikateremsha muziki taratibu. Akasoma tangazo moja tu. Nusu dakika. Nikaupandisha muziki.

KITINDA: Alipewa barua ya onyo.

FUNDI: Akaifanya ya kufungia mihogo.

[Kimya.]

KITINDA: Kijana, hii usiikate.

FUNDI: Salamu tuzitaje japo kidogo, maana watu watauliza.

KITINDA: Kadi za salamu alizisoma, ndiyo, na alikuwa mzuri, lakini kila mtu anamkumbuka kwa hizo, na yeye mwenyewe hakuzipenda. Alisema wale wanaosalimiana kila wiki wanajuana namba za nyumba. Tuendelee. Nataka kuzungumzia kopo.

FUNDI: Kopo la Blue Band, lile kubwa.

KITINDA: Baada ya mazishi nilifungua kabati lake. Nguo, kanga za doti zisizokatwa, mpaka nikafika kwenye kopo. Nikadhani vifungo. Kufungua, vipande vya mkanda! Vimejikunja kama maganda ya vitunguu. Mamia. Nikajua moja kwa moja, hizi ni pumzi. Zile zilizokatwa na mafundi wengine, wale ambao hawakukubali kuokota.

FUNDI: Kaniletea kwenye mfuko wa rambo. Nimehangaika kupata mashine inayozunguka. Kisha nikaunganisha. Usiku nne, macho yenyewe haya, na wembe. Vimetoka kama mita sitini, yaani dakika tano na ushee.

KITINDA: Nikasema, sauti ya Dada itakuwa mle. Nilijifungia chumbani kusikiliza.

FUNDI: Nilikuonya.

KITINDA: Hayumo! Dakika tano za wazee wakikohoa. Kuna mmoja anasafisha koo, nina hakika alikuwa waziri. Kuna mama anasema "aa" tu, "aa", kama amekumbuka ametia chungu motoni. Kuna mtoto amepiga chafya. Nimecheka mpaka nikalia. Watu wote wamo, yeye hayumo.

FUNDI: Asingekuwemo. Vifo vilisomwa moja kwa moja, hatukurekodi. Mikanda yenyewe ilikuwa haba, tunafuta cha jana turekodi cha leo. Miaka yote ile ya kusoma, sijui kama kuna tangazo moja lililobaki.

KITINDA: Na la kwake tulilitangaza kwenye makundi ya WhatsApp. Mpwa aliandika, na mikono ya dua, na ile picha ya mshumaa. Limewafikia watu wote kwa dakika kumi.

FUNDI: Limefika.

KITINDA: Limefika, sisemi halikufika.

FUNDI: Kitinda. Kipaza sauti kiko mbele yako.

KITINDA: Hapana, kaka.

FUNDI: Bila jina. Mama hatakasirika.

KITINDA: [anakunywa chai, anaweka kikombe] Haya. Ngoja niweke miwani, ingawa sina karatasi.

Kitindamimba wa nahodha, wa Pangani, anasikitika kutangaza kifo cha dada yake mpenzi, aliyekuwa mtangazaji, kilichotokea Dar es Salaam. Mazishi yamekwisha kufanyika Pangani. Habari ziwafikie shangazi zake walioko Bweni, wajomba zake walioko Mkwaja na Kipumbwi, mama wa usafi na mwanawe aliyesoma sekondari, kijana wa Songea aliyefiwa na mama tarehe 14 Oktoba 1999, na mafundi mitambo wote waliofanya naye kazi... popote walipo.

FUNDI: Umevuta pumzi kabla ya "popote".

KITINDA: Nimeisikia.

FUNDI: Ndefu. Kama sentimita ishirini hivi.

KITINDA: Iache.